Maji ya Kisima

Kidato cha nne nilisoma shule ya bweni mkoani Tanga, karibu na bahari. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvichumvi. Sabuni haikutoa povu na chai yake haikunyweka. Ndiyo maana maabara ilitumia maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye pipa lililoandikwa kwa chaki: MARUFUKU KUNAWA.

Siku hiyo ya praktiko tulipewa chumvi mbili, A na B, zote nyeupe, zote chengachenga kama sukari. Moja ni salfati ya zinki, nyingine nitrati ya risasi. Tuseme ipi ni ipi.

Penye pipa palikuwa na foleni. Mimi, mtu wa haraka, nikachota ya kisima. A ikayeyuka, ikawa angavu. B ikageuka kama maji yaliyooshea mchele. Nikajua tu tyubu ilikuwa chafu. Nikamwaga kwenye sinki kabla mwalimu hajaniona, nikaenda kupanga foleni kama wenzangu.

Kwa maji ya mvua zote ziliyeyuka. Nikadondosha hidroksidi ya sodiamu: mashapo meupe huku, mashapo meupe kule. Nikaizidisha, yote yakayeyuka. Pacha kabisa! Amonia ndiyo iliyowaumbua. Kwenye sampuli mpya nayo ilitoa mashapo meupe kote, lakini nilipoizidisha, ya A yalitoweka. Ya B yakakaa vilevile hata baada ya kutikisa. Basi A ni zinki. Kuhakikisha, nikaitia B iodidi ya potasiamu, ikawa manjano kama bizari.

Mwalimu alipofika mezani kwangu nikajikuta nakiri. "Mwalimu, mara ya kwanza B iliniharibikia. Nilitumia maji ya kisima, ikafanya ukungu."

Akacheka. "Haikuharibika, mwanangu. Chumvi ya kisima iliikamata risasi. Ulishajibiwa kabla hujagusa amonia. Umeimwaga wapi?"

"Kwenye sinki."

Kicheko kikakatika. Risasi ni sumu, na ndoo ya taka ilikuwa pale pale chini ya meza. Akanikata maksi mbili.

Kisha akaichukua tyubu yangu ya manjano, akapunguza mashapo, akaongeza maji ya mvua na kuichemsha mpaka ikawa angavu kabisa, kama haijawahi kutiwa kitu. Akaisimamisha dirishani ipoe. Kengele ya chakula ikalia, hatukutoka. Humo ndani vilianza kuzaliwa vipande vyembamba vya dhahabu, kimoja kimoja, vikishuka vikimetameta kama magamba ya dagaa juani.