Korongo wa Lambwe

Mjomba hakuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu atoke Kisumu na kulipa kiingilio ili akaumwe na mbung'o. Yeye alikuwa ameumwa bure utotoni mwake kule Lambwe, na kwake hiyo ilitosha. Lakini mwaka 2017 tulimbembeleza, mimi na binamu yangu, akakubali kutupeleka Ruma, hifadhi iliyo katika bonde hilo la Lambwe, tukawaone korongo, wanyama wakubwa wa jamii ya swala. Tulivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, tukakodi Probox ya kijana mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga hifadhi hiyo japo alizaliwa jirani nayo. Simlaumu. Wengi wetu tukitaka kuona wanyama tunakimbilia Nakuru.

Langoni, askari wa wanyamapori alimwangalia binamu yangu kwa huruma. "Dada, na hilo shati utaliwa mzima." Shati lilikuwa la buluu. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Akajifunga leso mabegani. Gari letu nalo lilikuwa la buluu, na hatukuwa na leso ya kulitosha.

Walituandama kweli. Mbung'o akitua hukunja mabawa, moja juu ya lingine kama makasi, kisha anadunga hata kama umevaa jinzi. Ukimpiga kofi anaanguka, anajikusanya, anarudi. Lazima umsage.

Mjomba alikuwa akiwasaga huku akisimulia: ng'ombe wa baba yake waliokonda wakafa kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, majirani walioambukizwa malale na mbung'o haohao ugonjwa ulipolipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, maboma yaliyohamwa. Askari, aliyepanda nasi, alisikiliza hadi mwisho. "Sasa mzee, fikiria mbung'o wasingekuwepo. Hapa si pangekuwa mahindi matupu, mpaka kule Kanyamwa?"

Mjomba hakujibu. Ila hesabu yenyewe ni hiyo: bonde ambalo watu walilikimbia ndilo lililotengwa mwaka 1966 kuwa hifadhi, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, kilomita za mraba 120. Korongo walitoweka Maasai Mara, wakatoweka Shimba Hills, wakabaki hapa peke yake. Na hata hapa hawajasalimika, maana mtego wa waya haubagui swala na korongo.

Twiga tuliwaona mapema, wale wa Rothschild wenye miguu myeupe chini ya magoti. Pundamilia pia. Korongo walitusumbua, kwa sababu nyasi za Ruma ni ndefu na zina rangi ileile ya ngozi yao. Tuliwapata alasiri, penye nyasi zilizoungua zikaanza kuchipua. Walikuwa wawili. Uso mweusi wenye mabaka meupe, pembe zilizopinda kuelekea mgongoni, masikio marefu yenye kishungi nchani. Mmoja aliinua kichwa akatutazama huku akiendelea kutafuna.

"Ni hao tu?" dereva akauliza, mkono ukiwa tayari kwenye gia.

Mjomba akamgeukia kwa ukali ambao sikuutarajia. "Hao tu ndio nini? Kenya nzima wako hapa. Zima gari, na ushushe kioo tuone vizuri."

Dereva akazima. Akashusha kioo. Mbung'o wakaingia.