Mahadhi ya Al-Inkishafi

Kwenda Pate, mojawapo ya visiwa vya Lamu nchini Kenya, ni kufuata maji. Mkanda, mlango mwembamba wa bahari unaotenga kisiwa cha Manda na bara, haupitiki maji yakipwa, kwa hiyo tuliondoka Lamu alfajiri, kamera zikiwa ndani ya mifuko ya nailoni, tukashukia Mtangawanda, bandari ya kisiwa hicho. Nilikuwa natengeneza filamu ya makala kuhusu Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na sikutaka kuipigia kwingine kokote.

Utenzi wenyewe ni wa mji wa Pate. Pate ilipata kuvitawala visiwa vile, kisha nguvu zikaiishia. Yapata 1812 ilishindwa na Lamu katika vita vya Shela. Mtunzi anauuliza moyo wake: wako wapi waliokuwa wakijidai katika majumba haya? Madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyopangwa sahani za kaure, anasema, sasa yamelaliwa na makinda ya ndege.

Mzee aliyetupokea alikuwa mkulima wa tumbaku, na shamba lake lilikuwa katikati ya magofu. Alitupeleka kwenye ukuta uliosalia na madaka yake, safu juu ya safu, chokaa ingali laini mkononi. Ndani ya daka moja mlikuwa na vijiti vikavu na manyoya. Nilibaki nimeduwaa.

Nilikuwa nimeshapatana na msomaji Mombasa, mwenye sauti nzuri ya redio. Mzee aliposikia habari zake akauliza, "Mwanangu, huyo ataghani kwa mahadhi gani?" Kabla sijajibu akaegemea ukuta, akaanza. Karatasi hakuwa nayo. Katika utenzi huu mistari mitatu ya kila ubeti hufuata kina kimoja, na wa nne hurudi kwenye -ye, mwanzo hadi mwisho. Kila alipoifikia ile -ye aliivuta hadi pumzi ikamwishia. Upepo ulikuwa ukiingia kwenye maikrofoni na jogoo wanawika; fundi wa sauti akataka kumsimamisha. Nikamkataza kwa mkono.

Yule msomaji nilimlipa haki yake, lakini sauti yake sikuitumia. Wakati wa kuhariri nilishauriwa niweke muziki chini ya beti za majumba, nikakataa katakata. Vitabu vyenye utenzi huu na maelezo yake ninavyo, na nimevisoma sana. Mahadhi yale niliyapata kwa mzee tu. Rekodi nzima, upepo na jogoo humo humo, niliwaachia wajukuu wake kwenye flashi.