Kubadilisha oltaneta ya IST mwenyewe, kazi kubwa ni kutafuta nafasi

Ikiwaka ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi na gari inatembea, wengi tunakimbilia kununua betri mpya. Unafunga leo inapiga vizuri, keshokutwa asubuhi imelala tena, maana inatoa tu hamna kinachoirudishia, kazi hiyo ni ya oltaneta, mashine inayozungushwa na injini kwa belti na kutengeneza umeme wa kuchaji betri. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pima. Maltimita ya bei ndogo kabisa inatosha, weka kwenye volti za DC, gari ikiwa imezimwa muda mrefu betri nzima inasoma kama 12.6, ukiwasha injini lazima ipande ikae kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Yangu ilikuwa chini ya 12 na injini inanguruma, nikiwasha taa kubwa na feni ya ndani inazidi kushuka. Cheki pia ile fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT, ikikatika hiyo, hata oltaneta nzima kabisa itaonekana mbovu, na cheki belti isiwe imelegea.

Halafu kuna kitu kinaniuma kila nikikiona gereji, fundi anachomoa teminali ya betri gari ikiwa inanguruma eti aone kama itazima. Jamani msikubali. Betri ndo inatuliza umeme unaotoka kwenye oltaneta, ukiichomoa ghafla volti zinaruka juu kwa mara moja na unaweza kuua daiodi na regyuleta (vifaa vya ndani ya oltaneta vinavyonyoosha umeme na kupima volti), hata kompyuta ya injini ambayo bei yake inazidi oltaneta mbali sana. Magari ya kabureta yalivumilia hayo mambo, haya ya EFI, yanayoingiza mafuta kwa kompyuta, hapana.

Sasa kazi yenyewe. Gari ni Toyota IST ya zamani, modeli NCP61, injini 1NZ-FE ya cc 1500, ndo ileile iko kwenye Probox, Fielder, Allion na Spacio nyingi, kwa hiyo mwenye hizo atanielewa. Oltaneta iko upande wa dereva, mbele ya injini, imebanwa kati ya injini na rejeta, kompresa ya AC iko chini yake. Ukifungua boneti unaiona kabisa lakini mkono haupiti, na hapo ndo watu wanapoanza kulazimisha spana mpaka vichwa vya bolti vinaliwa. Usianze na bolti za oltaneta. Anza na majirani zake, toa kila kinachotoka kirahisi kwanza: kitanki cha kulanti, feni ya rejeta na kava lake, halafu inua mbele kwa jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini hata kidogo), toa tairi la kulia na ile plastiki ya pembeni, utaona puli na belti kama ziko mezani. Inaonekana unajiongezea kazi ila ukishatoa hivyo, racheti na ekstensheni ndefu vinazunguka vyenyewe.

Kabla ya yote hayo chomoa waya wa hasi wa betri. Ule waya mnene nyuma ya oltaneta umeunganishwa na chanya ya betri muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa nati yake na bodi kwa pamoja utaona cheche za kukutoa roho. Piga picha njia ya belti, legeza bolti ya chini na ya juu, kisha ndo unalegeza mvuto, belti inaachia. Plagi ya nyuma usiivute, ina kikucha cha kubonyeza na kwa joto la miaka plastiki imekauka, bonyeza taratibu.

Ikitoka nenda nayo dukani. Iwe Gerezani au Ilala kwa Dar, usitaje tu jina la gari, linganisha masikio ya kufungia, plagi, idadi ya mifereji ya puli na ampea zilizoandikwa kwenye kibao. Kama ni kaboni tu zimeisha (vile vipande vidogo vya ndani vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), fundi umeme mzuri anakuwekea nyingine kwa hela kidogo na hiyo ya kwako ya asili inaendelea kufanya kazi, mimi napenda hiyo kuliko mtumba usiojua imetembea kiasi gani. Yangu beringi nazo zilikuwa zinalia, nikachukua nyingine.

Kuna siri kwenye kurudisha ambayo inawatesa watu masaa mazima, unasukuma oltaneta kwenye sehemu yake inagoma, unadhani umeuziwa siyo. Siyo hivyo, kwenye sikio la chini kuna bushi ya chuma (kibomba kifupi) inayobana mabano ya injini ukikaza bolti, na ikishabana haitoki ilipo. Igonge irudi nyuma milimita chache kabla hujaingiza, oltaneta itateleza yenyewe, ukikaza bushi inajibana tena.

Belti kaza mpaka ukibonyeza kwa kidole gumba sehemu ndefu inaingia kama sentimita moja. Wengine wanakaza mpaka inakuwa ngumu kama chuma ili isipige kelele, hapo unaua beringi za oltaneta na za wota pampu pamoja, maana belti ni hiyohiyo. Na betri iliyolala kabisa ichaji pembeni kwanza, usiiachie oltaneta mpya ianze maisha kwa kujaza betri tupu.

Nilipowasha mita ilisoma 14.2, nikawasha taa kubwa, AC na feni mpaka mwisho, ikakaa 13.8. Belti kama ni mpya inavutika kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo rudi uiguse tena baada ya wiki, na bolti ile ya juu usiisahau kuikaza baada ya kurekebisha.