Siku moja na gari lililolala miaka minne

Saa kumi na mbili asubuhi. Anayedhani Kongo yote ni joto aje Lubumbashi mwezi wa Julai ashike spana ya chuma alfajiri. Gerejini kwangu Katuba, chini ya mwembe, mwanafunzi wangu amewasha makaa ndani ya kopo la rangi na tunaota mikono. Mikate ya mafuta na chai, tunakula wima.

Saa moja, kabla kikombe hakijaisha, mwenye gari amefika.

"Jambo yenu!"

"Jambo sana, Mama."

Gari lake ni pikapu ya Land Cruiser, ile ya injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, inakunywa mazuti, au dizeli kama wanavyosema ndugu zetu wa Dar. Limelala uani kwake miaka minne, tangu mumewe afariki, na jana tulilivuta kwa kamba hadi hapa. Jumamosi binti yake anaolewa Mbeya. Mama ameshapanga yeye, mdogo wake atakayeendesha, na masanduku ya vitenge watoke kesho Jumatano alfajiri: Kasumbalesa mpakani, kisha Zambia yote, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde, ndipo waingie Tanzania. Ni zaidi ya kilomita 1,000.

"Fundi, motokari haina neno. Weka betri tu."

Kila aliyelaza gari huja na maneno hayo. Betri yenyewe nimeipima ikasoma volti 10.3, wakati nzima iliyojaa inasoma kama 12.6. Iliyokaa chini hivyo miaka yote hiyo, sahani zake za risasi zimeshaota ganda, na hata ukiichaji itakudanganya asubuhi moja tu. Hapo Mama alikuwa sahihi, inabadilishwa. Lakini chuma cha gari hakifi haraka kwa kulala. Kinachokufa ni mpira na majimaji.

Mdogo wake, aliyekaa pembeni kimya, akakiri kwamba wiki iliyopita walijaribu kuliwasha kwa kulisukuma. Nilimtazama tu. Shukuru Mungu halikuwaka, shemeji. Mafuta yote ya injini yameshuka chini, silinda ni kavu. Likiwaka hivyo, pistoni zinasugua chuma kwa chuma.

Saa mbili hadi saa nne ni kazi ya subira. Tumetoa bujii sita za kupasha moto, tukamimina mafuta safi kidogo kila tundu, tukaacha yapenye. Mwanafunzi akafungua chujio la hewa na kuruka nyuma: kiota cha panya, kimejaa maganda ya karanga na vipande vya gunia. Tumefuata waya mmoja mmoja na kukuta mbili zimetafunwa hadi shaba. Tangi nalo limetoa mazuti meusi, na chini yake maji, kwa sababu tangi lililokaa nusu tupu hutoa jasho ndani kila usiku wa baridi. Yote tumemwaga. Mama alisikitikia mazuti yale kuliko betri.

Kisha nikashika spana ndefu na kuizungusha injini kwa mkono, polepole. Ikazunguka bila kukwama. Sauti ile laini ya injini isiyoshikana, hakuna redio inayoifikia.

Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ulikuwa na nyufa kila nilipoukunja. Huo sibishani na mtu juu yake. Ukikatika katikati ya Zambia, valvu zinagonga pistoni na harusi inafanyika bila mama wa bibi harusi. Mdogo mtu akatumwa mjini kutafuta mkanda, betri, filta na mafuta.

Saa sita, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu. Umeme umekatika, kwa hiyo hata chaja ingekuwa pambo tu.

Ugomvi ulikuja saa saba, juu ya matairi.

"Pine ni mpya! Mume wangu alizinunua, hazijatembea. Angalia meno yake!"

Meno yalikuwa mazuri kweli. Nikamwinamisha ubavuni, nikamwonyesha tarakimu nne: 3413. Wiki ya 34 ya mwaka 2013. Mpira huzeeka hata ukiwa umesimama, na hili gari limesimamia sehemu moja miaka minne. Karibu na rimu kuna nyufa ndogo kama za udongo wa mwezi wa tisa. Ukilipakia masanduku, likapata moto kwenye lami mchana kutwa, linapasuka. Mama alinyamaza muda mrefu. Sikumharakisha, maana najua si matairi tu aliyokuwa akiyaangalia. Mwishoni akafungua pochi yake, akahesabu, akahesabu tena.

Saa tisa injini imewaka. Kwanza tulizungusha kwa stata bila kuruhusu mazuti, hadi taa ya mafuta ya injini ikazima. Ndipo nikatoa hewa kwenye njia ya mazuti kwa kile kipampu cha mkono, kidole gumba kikauma, likakohoa moshi mweupe, likatulia. Mama akapiga kigelegele, majirani wakachungulia.

Wakati tunabadilisha mafuta ya breki, yaliyokuwa na rangi ya chai iliyochemka mara tatu, nimemfundisha mdogo mtu mambo ya ng'ambo. Zambia na Tanzania wanapita kushoto, na usukani wako uko kushoto, kwa hiyo nyuma ya lori la shaba huoni mbele. Dada yako ndiye jicho lako. Asiposema "ingia", usiingie. Taa nimezibandika utepe upande unaoinua mwanga kulia, ule ungewachoma macho wanaokuja. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvuka mipaka, ikatwe hapa hapa, kabla ya mpaka.

Saa kumi na moja tumelijaribu barabara ya Kasumbalesa. Mama alikaa kulia akifanya mazoezi nyuma ya kila lori, ingawa hapa kwetu dereva anajionea mwenyewe: "Bado… bado… ingia!" Baada ya kilomita kumi na tano nikasimama, nikazunguka nikigusa rimu. Tatu vuguvugu. Ya mbele kulia, nikarudisha mkono haraka. Kalipa, kile kibano cha breki, imeshika, pistoni yake ina kutu, inakanyaga breki na hairudi.

"Mama, weka mkono hapa. Karibu tu, usiguse."

Aliweka. Akautoa. Akasimama akiangalia magari ya mpakani yakipita, halafu akampigia binti yake Mbeya.

"Tunatoka Alhamisi," alisema. "Hapana, ni breki. Betri ilikuwa kitu kidogo tu," kwa sauti ya mtu aliyejua hivyo tangu asubuhi.