Siku moja maishani mwangu: testa (mpimaji) wa apu za mitandao ya kijamii, Dodoma

Saa kumi na mbili asubuhi, Nkuhungu. Upepo wa usiku umemwaga vumbi mpaka kwenye neti, na mimi kabla sijanawa uso nishafungua imeili kuangalia ripoti zangu za jana za makosa ya apu zimefikia wapi. Mbili zimepita. Ya tatu, ile niliyoihangaikia kuliko zote, imekataliwa, na pembeni pameandikwa sababu moja tu: haijirudii. Yaani tim lida, anayetuongoza sisi testa, kajaribu kwa simu yake, kosa halikutokea, kafunga. Nina mpaka usiku huu kukata rufaa na kuleta ushahidi. Basi siku yangu ikawa imeshapangwa hapo hapo.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe maana mtaani kwetu najulikana kama yule dada wa kutwa na simu. Kampuni yenye apu haiwezi kununua kila aina ya simu iliyopo duniani, haiwezi kukaa kila nchi wala kujaribu kila laini ya simu, kwa hiyo inapitia kampuni ya kati yenye watu waliotapakaa dunia nzima. Mojawapo ya zilizoanza mapema ni uTest, ilianzishwa Marekani 2007, siku hizi kampuni yenyewe inaitwa Applause, na zipo nyingine kadhaa. Ukialikwa kwenye raundi, yaani awamu moja ya kupima, unapewa apu, mara nyingi vesheni ambayo watu bado hawajaiona, unapewa maelekezo ya nini cha kupima na nini usiguse, na unapewa muda. Ukikuta kosa, sisi tunaita bagi, unaandika simu gani, Android ya ngapi, laini gani, ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitegemea nini kitokee, kikatokea nini, unaambatanisha na video ya skrini. Ripoti ikipita unalipwa, kosa likiwa kali unalipwa zaidi. Ikikataliwa hupati hata senti, na testa mwingine akiwahi kuiripoti kabla yako nayo pia hupati kitu. Jina la apu siwezi kulitaja, tunasaini makubaliano ya siri. Jueni tu kwamba ni mtandao mkubwa, na wengi mnaosoma hapa mnao kwenye simu.

Saa moja na nusu nimemsaidia shangazi kubeba viroba vya karanga na mlenda mkavu mpaka kwenye bajaji, anauza Majengo. "Leo utatoka nje au ni simu tena?" Nikamwambia shangazi nina kazi ya kumaliza leo leo. "Haya mwanangu, kula basi." Shangazi amenielewa tangu siku nilipolipia kodi ya nyumba kwa hela ya hii kazi, ila bado akiulizwa na wenzake sokoni anasema nafanya mambo ya kompyuta, anapita haraka.

Saa tatu mpaka saa sita ni raundi nyingine kabisa, kukagua apu ikiwa kwenye Kiswahili, skrini moja moja, vitufe vyenye maneno yaliyokatika, sehemu zilizobaki Kiingereza, sentensi ambayo hakuna Mtanzania angeitamka. Facebook ina Kiswahili tangu 2009 na nayo ilitafsiriwa kwa kukusanya nguvu za watu wengi, kwa hiyo kazi ya aina hii si ngeni, ila watu hawaioni.

Mchana ugali wa uwele na mlenda. Nikiwa bado nakula akaja kijana wa jirani, akaunti yake imehakiwa, anataka niirudishe maana "dada wewe si unafanya kazi Facebook". Nimemwelekeza ukurasa rasmi wa kurudisha akaunti, nikakaa naye mpaka akajaza. Sifanyi kazi Facebook. Na wale wanaotafuta matundu ya usalama ni watu wengine, Facebook inawalipa kwa utaratibu wake tangu 2011, kazi yao na yangu ni tofauti. Wengine huniuliza ile tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozima pamoja kwa karibu masaa sita, nyie mlikuwa wapi? Ile ilitokana na mabadiliko ya mipangilio kwenye mtandao wao wa ndani, seva zao, yaani kompyuta zao kuu, zikapotea kwenye intaneti. Hakuna testa mwenye simu mkononi ambaye angeliona lile kabla.

Saa nane nikarudi kwenye bagi langu. Kosa lenyewe ni hili: ukiposti picha na mtandao ukayumba wakati wa kumalizia, posti inatokea mara mbili. Ukiwa na waifai ya nguvu hutaliona maisha yako yote. Sasa fikiria mama wa Majengo anayeuza magauni kwa simu, kaposti "limebaki moja", imetoka mara mbili, mteja mmoja kakomenti kwenye posti ya juu nitumie hilo, mwingine kakomenti kwenye ya chini nimeshalipia, na kila mmoja anaona ni wa kwanza. Hapo bando nalo limeliwa mara mbili kwa picha ile ile. Hilo si dogo hata kidogo, na ndio maana sikukubali kuliacha.

Nina simu tatu mezani. Itel ndogo yenye RAM ya GB 1 na Android Go, Tecno ya kawaida, na Samsung niliyonunua mtumba ikiwa na kioo chenye ufa. Watu wananiambia nunua simu ya maana, lakini hizi ndizo simu za watu wetu, na thamani yangu kwenye hii kazi iko hapo hapo. Testa wenye simu mpya wamejaa kila mahali.

Nikaanza upya kabisa. Nafuta apu, naweka tena, naingia na akaunti ya majaribio, naanza kurekodi skrini, naposti picha, nakata data katikati. Haitokei. Nakata mapema zaidi, haitokei. Nakata baada ya tiki kuonekana, haitokei. Itel ikijaa memori inajizima yenyewe, nasubiri iwake, nafuta picha, narudia, jasho linanitoka maana bati la hiki chumba likishapata jua la mchana hapakaliki, feni nayo inapuliza vumbi. Kisha umeme ukakatika. Sikujali sana feni, nilijali kwamba Samsung ilikuwa na asilimia kumi na kitu na pawabanki nayo haikuwa imejaa, nikazima Tecno ili kutunza chaji ya hizo mbili, nikaandika kwenye daftari yale niliyokwishajaribu ili nisiyarudie.

Kilichonifungua macho ni daftari. Nikaangalia nilipokuwa jana lilipotokea: nilikuwa nyuma ya nyumba karibu na simtanki, pale mtandao huwa unaruka kutoka 4G mpaka unaandika E, yaani 2G ya polepole, halafu unarudi wenyewe. Haukatiki kabisa. Hapo ndipo nikaelewa. Picha inakuwa imeshafika kule kwenye seva, lakini lile jibu la "nimepokea" linapotea njiani wakati wa kurudi. Simu haijui kama picha imefika, inasubiri, inachoka kusubiri, mtandao ukikaa sawa inatuma tena. Seva nayo inapokea ya pili kama ni kitu kipya kwa sababu hakuna alama ya kuitambulisha kwamba ni ile ile. Ingetakiwa kila posti iende na namba yake ya pekee, ikija mara ya pili seva iseme hii ninayo, isiiweke tena. Nikikata data mimi kwa mkono, nakata haraka mno, picha yenyewe inakuwa haijafika.

Kwa hiyo nikatoka nje na Itel, upepo unapiga, watoto wa jirani wananiangalia natembea hatua mbele hatua nyuma na simu nimeinyanyua, bibi mmoja kapita akanisalimia mbukwenyi nikaitikia bila kugeuka, naomba anisamehe. Mstari wa kupakia ukafika mwisho, nikasogea nyuma ya simtanki, ikaandika E, nikakaa hapo, nikarudi. Posti mbili. Nikarudia, mbili. Nikaiwasha Tecno kwa laini ya kampuni nyingine, mbili tena, na nikajua sasa si simu wala si laini, ni apu.

Sijui ilikuwa saa ngapi, giza lilishaingia na shangazi alisharudi, nikaandika rufaa kwa mwanga wa tochi. Video tatu, maelezo ya mtandao ulivyobadilika, muda wa kila hatua. Tim lida yuko Ulaya, kipindi hiki wako saa moja nyuma yetu tu, akajibu kwamba kwake bado haitokei, anaomba nithibitishe kama si tatizo la laini yangu. Hapo niliumia kwa kweli. Sio kwamba ni mtu mbaya, anaongoza testa wengi na ana orodha ndefu, lakini kukaa kwenye mtandao usioyumba halafu kusema kosa halipo, wakati watu wa Kongwa na Mpwapwa wanaishi nalo! Nikamwandikia kwa upole: usizime mtandao, ulegeze. Kwenye kompyuta upo uwezo wa kuiga mtandao dhaifu, weka kasi ya chini kabisa ya 2G mara tu mstari wa kupakia unapofika mwisho, subiri, kisha irudishe. Nikamtajia sekunde kwenye video ya pili aangalie saa ya juu ya simu.

Saa tatu na kitu usiku, California ikiwa saa tano asubuhi, umeme ulisharudi na wenye apu wenyewe wakaingia kwenye raundi. Ripoti ikabadilika kutoka iliyokataliwa kuwa iliyopita, daraja la juu. Tim lida akaandika kwamba kwake imetokea, akaomba nijaribu na video badala ya picha, kisha na ujumbe wa kwenye magrupu, ili wajue kosa limeenea kiasi gani.

Shangazi kaniletea chai ya tangawizi, kaniuliza wamekubali? Nikamwambia wamekubali. Akasema "nilikuona pale nje na lile vumbi, nikajua hiyo ni kazi."

Kwenye video inatoka mara mbili vilevile. Kwenye magrupu bado, Itel imejaa tena, nasubiri iwake.