Jumamosi ya Mei kwenye dawati la ratiba ya umeme, Warszawa

Wengi hudhani Poland huhangaika na umeme Januari, theluji ikiwa imejaa. Januari kazi ni nyepesi: mitambo yote inawaka, bei ni nzuri, hakuna cha kubishania. Januari 2024 mahitaji yalipita megawati (MW) 28,000 na taa hazikuzimika. Kazi yenyewe iko Mei, hasa Jumamosi, siku ya kupanga Jumapili. Viwanda vimefungwa, jua ni kali, na nchi ina paneli za sola zenye uwezo unaozidi MW 20,000.

Saa 1 asubuhi. Makabidhiano ya zamu. Dawati la ratiba kwenye kampuni ya kufua umeme lina jambo moja la kujibu: kila mtambo wetu utatoa megawati ngapi katika kila dakika 15 za leo na kesho. Wa usiku anaacha orodha ya mitambo mizima na mibovu, akiba ya makaa kwenye kila kituo, na maagizo ya PSE, kampuni ya serikali inayoendesha gridi ya taifa kutoka Konstancin-Jeziorna, nje kidogo ya jiji. Bomba la boila likiwa limepasuka, mtambo huo sahau kwa siku mbili tatu. Boila lazima lipoe kwanza ndipo fundi aingie.

Saa 1:30. Makadirio ya jua na upepo. Tunanunua kutoka kwa zaidi ya mtabiri mmoja, na kinachoangaliwa kwanza ni tofauti kati yao kuliko wastani wao. Sola ikikadiriwa MW 10,000, kosa la asilimia 10 ni MW 1,000, yaani mitambo mitano ya makaa ya MW 200. Makosa yana vyanzo vyake vinavyojulikana: mawingu mazito ya chini yanayochelewa kutawanyika asubuhi, na vumbi la Sahara linalovuka Mediterania majira ya kuchipua, ambalo picha za setilaiti hulionyesha lakini modeli nyingi hulipuuza. Paneli za kwenye mapaa ya nyumba nazo hazipimwi moja kwa moja, kwa hiyo unaziona kama pengo tu kwenye mahitaji.

Saa 3. Gharama za leo. Tuchukue makaa kwa yuro 5 kwa gigajuli na kibali cha kutoa hewa ukaa, ambacho lazima tukinunue, kwa yuro 70 kwa tani. Mtambo wa MW 200 wenye ufanisi wa asilimia 36 unakula gigajuli 10 kwa kila MWh (megawati moja kwa saa moja): makaa yuro 50, hewa ukaa tani 0.94, sawa na yuro 66. Jumla 116. Ukiushusha hadi kima chake cha chini, tuseme MW 100, ufanisi unaanguka hadi asilimia 33 hivi na kila MWh inagharimu yuro 126, ambazo 72 ni za vibali. Yaani kuuendesha kidogo ni ghali kuliko kuuendesha kwa nguvu, na moshi unagharimu kuliko makaa yenyewe.

Hesabu hiyo haikuwepo kabla ya 2005, soko la vibali la Ulaya lilipoanza. Fedha za minada ya vibali huingia kwenye hazina za nchi, na sehemu hurudi kupitia Mfuko wa Uboreshaji wa Umoja wa Ulaya (Modernisation Fund), ambao Poland ndiyo mnufaika wake mkubwa. Kwa hiyo kampuni ya umeme inapolia, hazina inapokea. Fedha hizo zikitumika kujenga njia za umeme na kuziba nyumba zisivuje joto, mzunguko una maana. Zikitumika kushusha bei ya umeme mwaka wa uchaguzi, tumehamisha tu maumivu.

Saa 4:30 hadi saa 6 kasorobo. Hapa ndipo mshahara unapopatikana. Swali: kesho mchana tuuzime mtambo au tuuache ukichechemea?

Kuuacha kwenye MW 100 kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni ni MWh 800, gharama karibu yuro 101,000. Bei ya mchana ikikadiriwa yuro 10, tunarudisha 8,000. Hasara 93,000. Kuuzima na kuuwasha upya ni mafuta mazito ya kuwashia, umeme wa pampu na feni, na uchakavu wa vyuma vinene vinavyopanuka na kusinyaa. Tuseme yuro 40,000. Lakini ongeza hatari. Mtambo ukigoma kuwaka jioni, tunanunua MW 200 kwa saa nne kwenye soko la kusawazisha, la kuziba mapengo ya dakika za mwisho; kwa yuro 250 hiyo ni 200,000. Ukigoma mara moja katika kumi, weka 20,000. Jumla 60,000, kwa hiyo zima.

Sasa pandisha bei ya mchana hadi yuro 50. Hasara ya kuuacha inashuka hadi 61,000, na hesabu mbili zinalingana. Mstari huo wa yuro 50 ndio tunaouandika ubaoni, maana ndio unaobadilisha uamuzi. Wageni wa kazi hii hutafuta bei sahihi kwa senti. Wakongwe hutafuta bei ambayo ikivukwa uamuzi unageuka, kisha hujiuliza ni wingu la ukubwa gani litakalotuvusha.

Kugoma kwenyewe si bahati mbaya. Mtambo uliozimwa saa chache bado una vyuma vya moto. Mvuke ukiingia ukiwa baridi kuliko chuma, chuma kinapindika, kwa hiyo mfumo wa ulinzi unakataa hadi mvuke upande joto. Pua za mafuta huziba. Vinu vya kusagia makaa hutetemeka kupita kiasi makaa yakiwa na unyevu. Kila kimoja ni nusu saa imepotea, na jioni nusu saa ni dakika 15 mara mbili za malipo.

Saa 6 mchana. Mlango wa soko la kesho unafungwa kwa Ulaya karibu yote. Tangu Oktoba 2025 bei ni 96 kwa siku, moja kwa kila robo saa. Zilipokuwa 24, mteremko wa jua la jioni ulifichwa ndani ya wastani wa saa. Sasa kila robo inajilipia.

Saa 7 mchana. Matokeo. Kesho mchana ni bei hasi, chini hata ya yuro 10 tulizokadiria. Ujerumani na Czechia wana jua hilihili, kwa hiyo hakuna wa kumuuzia. Sweden na Lithuania huchukua kiasi. Ukraine, iliyounganishwa na gridi ya bara la Ulaya tangu Machi 2022, mara nyingine huchukua ziada kwa makubaliano ya dharura.

Wakati huohuo Jumamosi yenyewe inaendelea. Bwawa la Żarnowiec, lenye MW 716, linatumia umeme wa ziada kusukuma maji juu, yaje kufua umeme yakishuka. Zamani lilisukuma usiku. Jua limeligeuza kuwa mfanyakazi wa mchana. Hilo lisipotosha, PSE huamuru mashamba ya sola yapunguzwe, jambo lililoanza Aprili 2023. Paneli za mapaa hazisikii amri hiyo. Waliojiunga kabla ya Aprili 2022 na paneli zisizozidi kW 10 wana haki ya kurudishiwa asilimia 80 ya umeme walioupeleka kwenye gridi, hata bei ikiwa sifuri, basi hawana sababu ya kupunguza. Inveta zao, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani, hujizima tu msongo ukifika volti 253 mtaani, na mwenye nyumba hulaumu inveta. Mpango ule ulisambaza sola haraka sana, lakini ulimfundisha raia kwamba gridi ni ghala la bure.

Saa 9 alasiri. Mnada wa kwanza wa ndani ya siku. Tunarekebisha kidogo tulichouza mchana, kisha PSE inatoa mpango wake. Neno la mwisho ni lao: mtambo tuliotaka kuuzima wanaweza kuagiza ubaki, kwa sababu eneo hilo linahitaji mashine nzito ya kushika msongo na masafa. Ukibaki kwa agizo, hulipwa kwa kanuni za soko la kusawazisha. Kuna pia malipo ya mitambo kuwa tayari, ambayo kila mteja huyaona kwenye bili tangu 2021. Bila hayo mitambo mingi ya makaa ingefungwa kabla ya mibadala yake kujengwa, na Śląsk, mkoa wa migodi ya makaa, ambako makubaliano ya 2021 yaliahidi migodi hadi 2049, ingejua tarehe yake mapema zaidi. Sidhani mahesabu ya ubaoni yatangoja 2049.

Saa 10 hadi saa 1 jioni. Jua linashuka, majiko yanawashwa, na maelfu ya megawati yanatakiwa kupanda ndani ya saa chache. Makaa hupanda polepole, gesi haraka, Żarnowiec kwa dakika. Hapa akiba haiguswi kwa tamaa ya bei. Tarehe 17 Mei 2021 hitilafu kwenye kituo cha Rogowiec iliondoa mitambo 10 kati ya 11 ya Bełchatów, kituo kikubwa cha makaa, zaidi ya MW 3,600 kwa mkupuo, wakati akiba ya haraka ya bara zima imepimwa kwa MW 3,000. Masafa yalishuka hadi karibu hezi 49.84, badala ya 50 za kawaida. Akiba na majirani waliibeba Poland.

Saa 1 jioni. Makabidhiano, huku jua likiwa bado juu. Litazama baada ya saa 2 usiku. Maagizo kwa wa usiku: mtambo uzimwe kesho saa 3 asubuhi, moto uwashwe saa 8 mchana, vinu vikaushwe mapema. Mawingu yakizidi makadirio, mnada wa mwisho wa ndani ya siku ni saa 4 asubuhi. Bei ya mchana kwenye soko la ndani ya siku ikivuka yuro 50 kabla ya saa 2:30, mtambo usizimwe.