Nilivyofanya mpaka wazazi wa kitengo chetu wakakubali utafiti wa chuo (uzoefu wangu, Mbeya)

Kuna mtu kanikuta Mwanjelwa akaniuliza mlifanyaje nyie mpaka wazazi wakakubali watoto wao wafanyiwe utafiti, maana kwao wamegoma kata kata. Nikamwambia nitaandika, stori yenyewe ndefu.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo, yuko kitengo cha elimu maalum shule ya msingi moja huku Mbeya mjini. Akaja dada mmoja anasoma masta, utafiti wake ni wa watoto wenye ulemavu wa akili na wanaochelewa kukua, anataka kujua ni nani nyumbani anayeshtuka kwanza na baada ya hapo familia inakwenda wapi. Mwalimu akaniomba niongee na wazazi wenzangu. Nikasema sawa ila kwanza nione kibali cha maadili na barua ya halmashauri, nikasoma yote nimesimama hapo hapo. Msione aibu kuuliza, na kama mtafiti ni mgeni wa kutoka nje mwombeni na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia ya taifa. Huku kwetu watu hawajasahau mambo ya wachuna ngozi, ukija na begi na makaratasi halafu unauliza habari za mtoto wa mtu, hutoboi.

Kwenye kikao baba mmoja wa Isyesye akauliza moja kwa moja, sisi tunapata nini? Mwalimu akaanza kupoza poza, oh mtasaidika, serikali itaona... nikamwomba samahani mwalimu wangu, naomba niwaambie ukweli. Dawa hakuna, mtoto hatatembea kwa sababu umejibu dodoso, hela ni nauli tu na soda ya mtoto. Watu wakaguna, wengine wakabeba kanga zao wakaondoka na sikuwazuia. Kwangu mimi bora wachache wanaojua wameingia kwenye nini kuliko ukumbi umejaa watu wanaosubiri wiilchea.

Kilichowageuza waliobaki ni yule dada mwenyewe. Akawasimulia habari za Willowbrook, shule ya watoto wenye ulemavu wa akili kule New York, Marekani, ambapo kuanzia miaka ya 1950 watafiti waliwaambukiza watoto homa ya ini makusudi ili wasome ugonjwa, na wazazi walikuwa wamesaini. Nikajisemea huyu kajimaliza, lakini bibi mmoja aliyekuja na mjukuu akasema kama unatuambia na mabaya yenu basi kaa tuongee. Dada akaeleza kwamba mambo kama hayo ndiyo yaliyoleta masharti ya sasa, mzazi anasaini au anaweka dole gumba, anaweza kujitoa siku yoyote bila kuulizwa kwa nini, na mtoto mwenyewe naye anaulizwa kwa namna anayoelewa.

Hilo la mtoto kuulizwa tuliliona kwa macho. Zamu ya mwanangu ilipofika, haongei, dada akampangia vibao vidogo mezani, yeye akavisukuma kwa kiwiko vyote vikadondoka. Nikainuka nimkaripie, si unajua mama akiwa mbele za watu. Dada akaviokota kimoja kimoja akafunga begi, akasema leo amekataa, tutamwuliza siku nyingine. Wazazi kwenye benchi wakatazamana. Ile iliwashawishi kuliko karatasi zote.

Na sisi tukaweka masharti yetu. Alitaka kuanza Januari, tukamwambia Januari watu wako shambani wanapalilia utahoji kuku, njoo mahindi yakishatoka shambani. Akaja Juni, sasa Juni ya Mbeya mnaijua, saa mbili asubuhi baridi inauma na mtoto mwenye mtindio misuli inakaza zaidi kwenye baridi, hata kikombe anachoshika kila siku hakishiki, utaandika hawezi kumbe anaweza. Tukasogeza mpaka saa nne, kwenye baraza lenye jua. Wanaotumia fenobabitoni ya kifafa inawasinziza, kwa hiyo mama ndiye anasema wangu yuko macho saa ngapi, sio ratiba ya chuo.

Kwa wadogo ambao hawajaanza shule alitumia kipimo cha ukuaji wa mtoto kilichotengenezwa Malawi kinaitwa MDAT, mambo yake ni ya nyumbani kwetu tu, mtoto anakunywa mwenyewe kwenye kikombe, anapanga vibao. Kulikuwa na maswali kumi pia ya kutambua mtoto mwenye ulemavu, yametumika nchi nyingi hadi Kilifi kule Kenya, moja linauliza kama mtoto alichelewa kukaa, kusimama au kutembea kuliko wenzake. Hapo nawashauri mwiteni bibi. Mama anajibu hapana maana sasa hivi mtoto anatembea, bibi anasema wewe, huyu hakulia alipozaliwa na alikaa wakati mwenzake wa jirani anakimbiza kuku! Baadhi ya mabibi walishtuka mapema wakaambiwa subirini ni mzito tu.

Sharti la mwisho lilikuwa arudi kutuambia alichopata, kwa Kiswahili, kabla hajaenda kukisoma mbele ya maprofesa. Alirudi na karatasi ya ukurasa mmoja, wazazi wakambishia sehemu moja, kwamba ameandika tunaficha watoto wakati wengine hatuna tu mtu wa kuwabeba kutoka mlimani mpaka barabarani. Akaandika na hiyo.

Sasa kuna chuo kingine kimetutafuta, tumewatumia masharti kwa wasapu. Tiki za bluu zipo, jibu bado.